Anza na Tete: Mwongozo wa Kuchora Ndege wa Rusizi kwa Kanuni za Kijapani

Usianze na ndege.

Ukishuka kwenye barabara ya Gatumba alfajiri, ukasimama pale ambapo mto Rusizi unakaribia kuingia ziwani, macho yatamkimbilia yangeyange. Ni mweupe, kasimama peke yake, na mkono utakuwasha umchore papo hapo. Uzuie. Keti, mwache ndege na shughuli zake, na kwa nusu saa ya kwanza chora tete lililo karibu nawe: bua, vifundo, majani, suke. Wajapani huiita sanaa hii kacho-ga, picha za maua na ndege, na katika jina hilo ua ndilo lililotangulia. Ua hapa ni mmea wowote, uwe msonobari, mwanzi, nyasi au gugu la majini. Wengi wanaojaribu mtindo huu kwa mara ya kwanza huchora ndege mzuri, kisha hutafuta majani ya kumzungushia kama pambo la kadi ya harusi. Picha ya namna hiyo haisimami, kwa sababu ndege wa majini hana pa kusimama mpaka mmea wake uwepo.

Nakuandikia wewe unayekaa Bujumbura, uwe wa Buyenzi, Bwiza, Kinama au Kanyosha, mwenye penseli na asubuhi mbili tatu za nafasi. Huhitaji kuagiza chochote Japani. Unahitaji kujua wenzetu wa kule walikuwa wanatazama nini, kisha uyatazame ya kwako kwa makini yaleyale.

Jozi kwanza

Katika picha za Kijapani ndege na mmea huenda wawili wawili, kama watu wanaofahamiana. Bukini wa porini hukaa na matete, yangeyange na airisi au mierebi, vitwitwi na mawimbi, korongo na msonobari. Jozi hizi zinamwambia mtazamaji ni majira gani. Bukini hushuka Japani wakitoka kaskazini wakati matete yameshatoa masuke, kwa hiyo ukiona viwili hivyo pamoja unajua kwamba joto limekwisha na baridi iko njiani, hata kama mchoraji hakuchora wingu wala jani lililokauka. Miyamoto Musashi, mpiga panga maarufu aliyefariki mwaka 1645, alichora bukini na matete kwa wino mweusi kwenye viwambo vya kukunja. Mkono uliozoea upanga ulijua kupiga mstari mmoja wa tete bila kuurudia.

Sasa ligeukie tete la Rusizi. Lile la Japani na hili la kwetu ni ndugu wa ukoo mmoja, ambao wataalamu wa mimea wanauita Phragmites. La Rusizi ni nene kidogo na refu zaidi, lakini vifundo ni vilevile, na majani yanajipanga vilevile. Kwa ndege udugu ni wa karibu zaidi. Yangeyange mdogo mwenye mdomo mweusi na vidole vya njano, koikoi wa kijivu, ngojamaliko mwenye utosi mweusi anayewinda usiku, hata kitwitwi anayetikisa mkia kwenye mchanga wa ufukweni, wote hao ni spishi zilezile zinazopatikana Japani. Mchoraji Hiroshige alipochora picha yake ya yangeyange na airisi katika karne ya 19, alikuwa anatazama aina ya ndege unaoweza kuwaona asubuhi yoyote pembeni mwa Bujumbura.

Ngojamaliko ana hadithi yake. Wajapani husimulia kwamba mfalme Daigo aliagiza ndege huyu akamatwe kando ya bwawa, na ndege, badala ya kuruka, akatulia na kutii. Mfalme akampa cheo cha ngazi ya tano katika baraza lake. Mpaka leo jina lake la Kijapani, goisagi, limebeba cheo hicho. Ukimwona juu ya mti kando ya maji mchana, kichwa kimezama mabegani na jicho jekundu limefumbwa nusu, utaona kwa nini watu walimfikiria kuwa ofisa.

Jozi ya korongo na msonobari inahitaji tahadhari, na ndiyo inayonifurahisha kuliko zote. Korongo wa Japani mwenye utosi mwekundu hatui mtini. Kidole chake cha nyuma ni kifupi, hakiwezi kushika tawi. Hata hivyo kwa karne nyingi wachoraji walimweka juu ya msonobari, kwa kuwa vyote viwili ni alama za maisha marefu. Korongo wetu mwenye taji, yule ambaye Warundi humwita umusambi, ana kidole kirefu cha nyuma, na kweli hutua na kulala mtini. Kwa hiyo kile walichokitaka Wajapani kwa ajili ya baraka, wewe unaweza kukichora kwa sababu ndivyo kilivyo. Mweke umusambi juu ya mti wa kwetu wakati wa magharibi, naye atakuwa mahali pake. Ila umchore kwa heshima ya mtu anayejua hali yake: tangu mwaka 2012 ndege huyu yuko kwenye orodha ya kimataifa ya walio hatarini kutoweka.

Jitafutie jozi zako mwenyewe kwa kukaa na kutazama. Mimi nina nne ninazozirudia. Yangeyange na tete. Koikoi wa kijivu na funjo, kwa sababu shingo yake na bua la funjo hupinda kwa namna moja upepo ukija. Yule ndege mdogo wa kahawia mwenye vidole virefu kama sindano, anayetembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama, pamoja na yungiyungi lenyewe. Na fundichuma na jiwe au gogo, kwa kuwa yeye si wa majani sana. Usimpachike yangeyange wa Rusizi kwenye maua ya cheri wala chini ya mlima Fuji. Hapo hujachora kwa kanuni za Kijapani, umenakili kalenda.

Kwenda na kukaa

Delta ya Rusizi ni hifadhi, na tangu mwaka 2002 imeandikwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo ya majimaji yenye umuhimu wa kimataifa. Kinamasi cha Kushiro, kaskazini mwa Japani, ambako makorongo wenye utosi mwekundu bado wanaishi, kiliingia kwenye orodha hiyohiyo mwaka 1980. Ingia kwa mlango unaotambulika, lipa kiingilio, uende na mwongozaji. Sisemi hivi kwa adabu tu. Kuna viboko na mamba. Kiboko ana vijia vyake ndani ya matete, kama vichochoro vilivyokanyagwa vikawa laini, na mchoraji aliyeinamisha kichwa kwenye daftari hukaa penye kivuli kizuri bila kujua kuwa ameziba njia ya mwenyewe kurudi majini. Muulize mwongozaji kabla ya kutandika mkeka. Usikae ukingoni kabisa, hata kama ndege wako yuko hapo.

Ikiwa safari ya delta ni ghali, tumia ufuko wa mji. Yangeyange huzurura karibu na mitumbwi asubuhi wakati ndagala zinaanikwa, na wale wenye mdomo wa njano na shingo fupi hufuata ng'ombe kwenye majani. Tofauti hiyo ikae kichwani: yangeyange wa ng'ombe ni mfupi na mnene, na ukimweka ndani ya maji mpaka magotini kila mtu anayejua ndege ataona kosa.

Fika saa kumi na mbili asubuhi. Jua letu huchomoza nyuma ya vilima vilivyo juu ya mji, kwa hiyo bonde hupata mwanga kabla ya kupata jua lenyewe. Kwa muda huo mfupi hakuna kivuli kikali, na kila kitu kinaonekana kwa umbo lake tupu: bua ni mstari, ndege ni doa. Wachoraji wa Japani hawakuchora kivuli cha ndege ardhini. Saa hiyo Bujumbura inakufundisha jambo hilo bila mwalimu. Ikifika saa mbili jua limepiga, ndege wameanza kujificha, nawe umeshachoka. Rudi nyumbani.

Beba penseli, daftari dogo, na mkeka. Wino uache nyumbani; hapa kazi ni kutazama. Itō Jakuchū, aliyezaliwa Kyoto mwaka 1716 katika familia ya wauza mboga wa soko la Nishiki, alifuga kuku uani kwake ili awatazame kila siku kabla ya kuwachora. Baadaye alitoa mfululizo wa picha 30 za ndege, samaki, wadudu na maua, kazi iliyomchukua takribani miaka kumi. Nikipita soko la Ruvumera nikaona mafungu ya lengalenga na biringanya, humkumbuka: mtu wa soko la mboga aliyejua jani bichi na jani lililolala, na akaona hata tundu lililotobolewa na mdudu linafaa kuchorwa.

Tete na funjo

Bua la tete huchorwa kutoka chini kwenda juu, kama linavyoota. Weka ncha ya brashi, kandamiza kidogo, panda, simama kwenye kifundo, inua kidogo, endelea. Ule msimamo mfupi ndio unaotengeneza kifundo; usirudi kukipamba. Kila kipande kinachofuata kiwe chembamba kuliko kilichotangulia. Chora mabua ishirini kwenye gazeti la zamani kabla ya kugusa karatasi nzuri.

Jani la tete huanza kwenye kifundo na hutoka kushoto na kulia kwa zamu. Lakini upepo wa ziwani ukishavuma, majani yote hugeukia upande mmoja kama bendera, kwa kuwa ala ya jani inaweza kuzunguka kwenye bua. Huu ndio ufunguo wa picha nzima. Ukichora majani yakielekea pande zote, hakuna upepo, na pasipo upepo ndege wako amesimama chumbani. Amua upepo unatoka wapi, kisha kila kitu kiutii: majani, suke, na yale manyoya marefu membamba yanayoning'inia kifuani mwa yangeyange. Jani lenyewe ni pigo moja: gusa, kandamiza, vuta, inua hadi ncha ipotee hewani. Majani mawili matatu yavunjike katikati. Tete lisilo na jani lililovunjika halijawahi kuishi.

Funjo ni jambo jingine. Nilichora mafunjo kwa muda mrefu kwa mabua ya mviringo, mpaka mama mmoja anayesuka mikeka akaniona nikichora, akakata kipande na kunipa mkononi. "Shika, mwanangu. Zungusha kwa vidole." Halikuzunguka. Bua la funjo lina pembe tatu. Tangu siku hiyo huchora kila bua kwa mapigo mawili, moja la wino mzito na la pili la wino wa maji pembeni yake, na mara moja linakuwa na ubavu. Halina kifundo hata kimoja, kwa hiyo mkono haupumziki njiani kama kwenye tete. Ni pumzi moja tangu majini hadi kichwani. Kichwa chake ni shada la nyuzi. Futa brashi kwenye kitambaa mpaka ikauke karibu kabisa, tandaza nywele zake kwa vidole, kisha zipapase karatasi kutoka katikati kwenda nje. Chora machanga yaliyosimama kama ufagio na makongwe yaliyoinama. Shamba la mafunjo ya umri mmoja halipo.

Kati ya matete na mafunjo utaona pia mabua yenye kichwa cha kahawia kilichobana kama mshikaki. Hayo chora machache. Ni mazito kwa macho, na kimoja tu kinatosha kuvuta upande mzima wa picha.

Mwili wa ndege

Kosa la kwanza la kila mtu ni goti. Unaona mguu wa yangeyange umepinda kinyumenyume, unadhani ni goti lililogeuka. Hicho ni kifundo cha mguu. Goti la kweli limefichwa ndani ya manyoya, karibu na tumbo. Ukishalijua hilo, mguu unaacha kuwa kijiti kilichovunjika na unakuwa kiungo: paja ndani, muundi chini yake, kifundo, kisha ule urefu wote mpaka vidoleni, ambao kwa hakika ni unyayo.

Shingo ni kosa la pili. Shingo ya yangeyange na ya koikoi si nyoka aliyelegea. Ina kona moja kali, kwa sababu mfupa mmoja kati ya mifupa yake ni mrefu kuliko mingine, na kona hiyo ndiyo inayomfanya achomoe kichwa kama mkuki. Chora mapigo mawili yanayokutana penye kona, usichore mkunjo mmoja laini. Na akiruka, huikunja shingo hiyo mabegani. Korongo na kwarara huruka wameinyoosha. Tazama makorongo ya Tawaraya Sōtatsu katika hati yake ndefu ya mwanzoni mwa karne ya 17, yenye urefu wa zaidi ya mita 13, ambamo kundi linaruka, linapaa na kutua kwa rangi za dhahabu na fedha, na Hon'ami Kōetsu ameandika mashairi juu yake: shingo zote zimenyooka, miguu imefuata nyuma. Umusambi huruka hivyo. Yangeyange kamwe.

Jicho liweke karibu na mzizi wa mdomo, chini kidogo kuliko unavyodhani, na uache nukta nyeupe ndani yake. Mdomo upige kwa pigo moja. Miguu iwe ya mwisho, kutoka juu kwenda chini, na usiifikishe popote: iache ipotee penye maji. Hakuna haja ya mstari wa maji.

Wino

Sumi, wino wa Kijapani, ni masizi yaliyochanganywa na gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, yakakaushwa kuwa kipande kigumu. Mchoraji husugua kipande hicho na maji kidogo juu ya jiwe kila anapotaka kuchora, na dakika hizo za kusugua humtuliza. Hili si geni kwetu. Wino wa jadi wa hati za Kiarabu ulitengenezwa kwa masizi na gundi ya mgunga, na kalamu yake ilichongwa kwa tete. Mtu aliyekulia karibu na chuo cha Kurani ameshasikia habari za kalamu hiyo. Basi tete linaweza kuwa mbele yako kama mmea na mkononi mwako kama chombo. Van Gogh, aliyezipenda mno picha za Kijapani, alichonga kalamu za matete alipokuwa Arles mwaka 1888 akachorea mashamba na bustani. Chonga yako kwa kisu chembamba: kata mshazari, pasua ncha katikati, itumie kwa miguu ya ndege na kucha.

Njia rahisi ni kununua wino wa China wa chupa kwenye duka la vifaa vya shule. Ukitaka kujitengenezea, shikilia sahani ya udongo juu ya moto wa kibatari, kusanya masizi, changanya na gundi ya mgunga iliyoloweshwa usiku kucha, saga juu ya jiwe laini mpaka usisikie chembe. Kwa vyovyote, andaa visahani vitatu: mzito, wa katikati, na ulio karibu maji matupu. Usichore kamwe kwa kisahani kimoja. Brashi nzuri kwa majani ni ya nywele za mbuzi, ambazo Wajapani nao hutumia, kwa sababu hunywa maji mengi. Fungu la nywele ndefu, limefungwa kwa uzi imara na kuchomekwa kwenye kipande cha tete, linafanya kazi. Kwa mabua utahitaji brashi ngumu zaidi.

Karatasi ya daftari hujikunja ikilowa. Tafuta isiyo na mng'aro, inayonyonya, na uijaribu kwa tone moja: tone likitanuka polepole na kingo laini, hiyo ndiyo. Kuna mbinu iitwayo tarashikomi, ya kudondosha wino mzito ndani ya wino mwepesi ambao haujakauka, ukauacha ujitafutie njia. Ni bora kuliko zote kwa jani la yungiyungi na kwa tope. Jifunze kuacha, ukilichezea doa hilo kwa brashi umeliua.

Rangi? Moja, au hakuna. Ogata Kōrin alichora viwambo viwili vizima vya airisi kwa buluu na kijani tu juu ya dhahabu, na hakuna anayelalamika. Njano ya vidole vya yangeyange, au wekundu wa koo la umusambi, inatosha kwa picha nzima.

Nyeupe juu ya nyeupe

Hapa ndipo watu hukata tamaa. Ndege ni mweupe, karatasi ni nyeupe. Mkono unataka kumzungushia mstari mweusi, na mara moja anakuwa bata wa plastiki. Fanya hivi: lowesha karatasi kwa maji masafi kuzunguka umbo la ndege, bila kuligusa umbo, kisha pitisha wino wa maji kwenye sehemu iliyolowa. Wino utafifia wenyewe kadiri unavyokwenda mbali. Wajapani huuita ufifishaji huo bokashi. Ndege atabaki kuwa karatasi tupu, na ataonekana mweupe kuliko karatasi ilivyokuwa. Kisha ongeza mdomo, jicho, mistari miwili mitatu ya manyoya mgongoni. Ohara Koson, aliyezaliwa Kanazawa mwaka 1877, alitoa picha nyingi za yangeyange kwenye mvua na theluji, na kwa wengi wao mwili ni sehemu ya karatasi iliyoachwa.

Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea picha iliyojaa. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za mafuta kwenye vibao, ndege wake walikaa katikati, wakubwa, na waliomfuata wakaendelea kujaza kila pembe. Naipenda kazi hiyo na sikuambii uiache. Lakini hapa unafanya jingine: unaacha theluthi mbili za karatasi bila kuzigusa, na sehemu hiyo iwe maji, au ukungu, au anga, kama mtazamaji atakavyo. Kama unaona ni vigumu, nenda ufukweni mwezi wa saba. Wakati wa kiangazi vumbi na moshi hujaa hewani na milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa hutoweka kabisa. Maji na mbingu huwa kitu kimoja. Unajua mlima upo, ingawa huuoni. Hasegawa Tōhaku alichora misonobari kwenye ukungu kwa namna hiyo, na sehemu kubwa ya viwambo vyake ni karatasi isiyoguswa. Mvua za masika zikishaosha hewa, milima hurudi na mistari yake yote. Chora majira yote mawili kutoka mahali pamoja, uone picha ipi inakaa moyoni zaidi.

Kumaliza

Usitumie karatasi ya A4 kama ilivyo. Ikate katikati kwa urefu, upate vipande viwili vyembamba vya sentimita 10 na nusu kwa karibu 30. Hiroshige alipenda umbo refu la namna hii kwa ndege na maua, nawe utaona sababu: bua linapanda bila kuzuiwa, ndege anasimama chini au juu, na huna pa kujaza. Mmea uingie kutoka ukingoni, umekatwa na karatasi, kama kwamba kinamasi kinaendelea nje ya picha. Ndege asikae katikati. Na atazame upande wenye nafasi, kwa kuwa anangoja samaki.

Muhuri mwekundu wa Kijapani ni jina la mchoraji. Chonga wako kwenye kifutio cha mpira, herufi zikiwa zimegeuzwa, uugonge mara moja mahali ambapo picha inahitaji uzito kidogo, mara nyingi upande ulio kinyume na ndege.

Nyuma ya karatasi andika kwa penseli tarehe, saa, mahali, na majina ya mmea na ndege, kwa Kiswahili na Kirundi kama unayajua yote: yangeyange, inyange. Miaka hii ziwa limepanda, Gatumba imefurika zaidi ya mara moja, na kingo za matete nilizozichora zamani sasa ziko chini ya maji. Nyuma ya michoro yangu ya kwanza sikuandika chochote, na leo siwezi kusema lile tete lilikuwa limesimama wapi.

Zitunze karatasi zikiwa bapa, kati ya vipande viwili vya kadibodi, mbali na unyevu. Mwezi wa tisa vitwitwi kutoka kaskazini huwasili kwenye mchanga, wamechoka na wamekonda. Nenda wakati huo. Hao hawana tete; wachore na ukingo wa wimbi.